Abiria kakatwa nauli mara 2, logi zetu zinasema "imefeli". Wakuu njooni tuongee kuhusu taimauti

Fundi Tiketi (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi utakuwa mrefu kidogo naombeni mnivumilie, hili jambo limeninyima usingizi siku ya 3 leo.

Nahudumia mfumo wa tiketi za mabasi, kampuni ya kawaida tu ya mikoani, tumeuandika mimi na kijana wangu mmoja na ndio sisi sisi tunaoulea. Abiria anachagua siti, anaweka namba ya simu, mfumo unatuma rikwesti (ombi) kwa kampuni inayotuunganishia malipo (jina naliacha), wale wanakata hela kwenye simu ya abiria, wanaturudishia jibu, sisi tunatoa tiketi. Yote hayo kwa mkupuo mmoja, yaani tukishatuma tunakaa palepale tumeshikilia laini mpaka jibu lirudi. Sinkronasi kabisa.

Juzi mama mmoja anasafiri na wanae wawili kwenda Mwanza. Kalipa usiku, skrini ikazunguka weee mwisho ikamwambia malipo yameshindikana jaribu tena. Akajaribu tena, ikakubali. Alfajiri yuko stendi ya Mbezi na watoto, simu inaonyesha kakatwa mara 2, nauli ya watu watatu mara 2, na hela ya kula njiani ndo ilikuwa humo humo. Nimeongea nae kwa simu mwenyewe, sitaki kuongea na mtu mwingine katika hali ile.

Nikafungua logi, ile rekodi mfumo unayojiandikia. Rikwesti ya kwanza imetoka 21:14:07. Ilipofika 21:14:37 programu yetu ikakata tamaa maana tumeiwekea taimauti (mwisho wa kusubiri jibu) ya sekunde 30, ikaandika IMEFELI, ikaachia siti. Nikawapigia wale wa malipo, kwao muamala huohuo umekamilika 21:14:41. Sekunde 4 tu baada ya sisi kuondoka. Hela imetoka, jibu limerudi limekuta hakuna mtu.

Sasa kijana wangu anasema tuongeze taimauti iwe sekunde 120 yaishe. Moyo wangu unakataa ila hoja ya kumpinga sina. Mnasemaje?

Bekendi Boy

Ongeza tu mkuu. Sisi tumeweka 90 mwaka wa pili huu sijasikia kelele za mtu.

Mama Seva

Fundi pole, na yule mama mpe pole zetu.

Msiongeze. Naandika kwa urefu kwa sababu kosa hili nimelikuta kwenye mifumo mingi mno na kila likitokea anayeumia ni mtu wa mwisho kabisa ambaye hata neno seva hajawahi kulisikia.

Tatizo lenu halipo kwenye zile sekunde 30. Lipo kwenye lile neno IMEFELI mliloandika kwenye databesi. Ukituma rikwesti halafu jibu lisirudi, yamewezekana mambo manne: haikufika kabisa, au imefika ikafia njiani kabla kazi haijaisha, au imefika kazi ikafanyika vizuri tu jibu ndo likapotea wakati wa kurudi, au mpaka muda huu bado inafanyiwa kazi. Wewe uliyekaa upande wa kusubiri unaona kitu kimoja tu, kimya. Hayo manne huwezi kuyatofautisha hata uwe hodari vipi.

Ni sawa na kumtuma mtoto dukani akanunue sukari kilo 1. Nusu saa imepita hajarudi. Je hajanunua? Hujui! Labda duka limefungwa, labda kasimama kuangalia mpira, labda sukari anayo na yuko njiani anakuja. Ukimtuma wa pili na hela nyingine, jiandae kupokea kilo 2. Nyinyi mmetuma mtoto wa pili kwa hela ya yule mama.

Taimauti maana yake ni SIJUI. Nyinyi mmeiandika HAPANA.

Fundi Tiketi

Aisee. Hapo kwenye sukari nimekaa kimya dakika nzima.

Bekendi Boy

Hoja nimeielewa mama ila bado, si ukisubiri zaidi hiyo sijui inapungua? Ile ya 21:14:41 wangesubiri hata sekunde 40 wangeipata.

Mama Seva

Inapungua ndio, haiishi, na bei yake ni kubwa mdogo wangu.

Kwanza angalia kilichopo mbele ya programu yenu. Fundi nahisi mna nginx hapo mbele, ile seva inayopokea rikwesti za abiria na kuzipitisha kwa programu? Usipoigusa, proxy_read_timeout yake, yaani muda wake wa kusubiri jibu, ni sekunde 60. Programu ikikaa ikisubiri sekunde 120, nginx yenyewe inachoka kwenye 60, inamrushia abiria kosa la 504 (jibu limechelewa), abiria anaona imeshindikana anabonyeza tena, na huku nyuma programu yako bado inasubiri na kwenye sekunde ya 80 inapata jibu kwamba hela imekatwa. Ugonjwa uleule, umeusogeza mlango mmoja mbele tu.

Pili, kila anayesubiri ameshika kitu. Kwenye Tomcat (seva ya programu za Java) thredi, yaani wahudumu wa ndani wanaoshika rikwesti moja moja, ni 200 kama hujabadilisha. Jibu likirudi ndani ya sekunde 0.2, thredi 200 zinaweza kuhudumia rikwesti 1000 kwa sekunde. Wale wa malipo wakipata kwikwi kila jibu likachukua sekunde 30, thredi zilezile 200 zinahudumia rikwesti 6 au 7 tu kwa sekunde. Ukiweka 120 hata 2 hazifiki. Yaani mtu wa malipo akiugua wewe unalazwa, na mfumo wote unasimama hata kwa abiria ambaye hataki kulipa, anataka tu kuangalia basi linaondoka saa ngapi. Hii ndo inayoua mifumo kipindi cha Desemba watu wanaporudi mikoani, hata zaidi ya wingi wenyewe wa watu.

Kapuku wa Kodi

Nipo hapa nafuatilia, kesho nina kazi na API ya malipo (mlango wa programu kuongea na mfumo wa malipo). Samahani swali la mwanafunzi, mimi sijawahi kuandika taimauti yoyote kwenye programu zangu, inamaana ninayo au sina?

Bekendi Boy

Inategemea unatumia nini. Ukitumia requests ya Python bila kuandika timeout, huna kabisa, itasubiri tu hata mpaka kesho. Klaienti ya HTTP ya Go ukiiacha kama ilivyo nayo haina kikomo. HttpURLConnection ya Java hivyohivyo, sifuri yake ni kusubiri milele. HttpClient ya .NET wao wamekuwekea sekunde 100. cURL ya PHP kuunganisha ina sekunde 300, ila muda wa rikwesti nzima hauna mwisho.

Na PHP kuna mtego ulishanila mimi binafsi: unaona max_execution_time ni sekunde 30 unalala usingizi. Kwenye Linux ule muda hauhesabu sekunde ambazo skripti imekaa ikisubiri mtandao! Niliwahi kukuta skripti imekaa dakika 11. Kwa hiyo andika mwenyewe, zote mbili, ya kuunganisha iwe fupi (sekunde 2 au 3 zinatosha) na ya kusubiri jibu iwe kulingana na kazi.

Mama Seva

Nyongeza muhimu kwa Kapuku: hizo mbili zina maana tofauti. Ya kuunganisha ikifeli una uhakika rikwesti yako haijaondoka, mlango hata haukufunguliwa, unaweza kurudia bila hofu. Ya kusubiri jibu ikifeli ndo ile SIJUI. Wengi wanazikamata zote kwenye catch moja (sehemu ya kudaka makosa) wanaandika "imefeli" biashara imeisha.

Mzee wa SOAP

Vijana hamjambo. Nimefanya kazi za hizi wenzenu mnaziita za kizamani, XML na WSDL (faili linaloeleza huduma), kwa hiyo niongeze kidogo cha historia maana jambo hili halijaanza na simu zenu.

Mwaka 1984 watafiti Birrell na Nelson, wakiwa Xerox PARC kule Marekani, walieleza namna ya kuiita kazi iliyo kwenye mashine nyingine ikafanana na kuita fankishini iliyo ndani ya programu yako mwenyewe. Wazo zuri sana, na wao wenyewe walilitazama hili la mashine ya pili kufa katikati. Lakini urahisi ule umetulevya watu wengi. Fankishini ya ndani ama inakujibu ama mnakufa wote. Ya mtandaoni ina hali ya tatu, kwamba wewe uko hai, yeye huenda yuko hai, ila hamsikilizani. SOAP, mtindo wa kutumiana ujumbe wa XML, ilipokuja (1.1 ni ya mwaka 2000) tukaendelea na mazoea yaleyale: bonyeza kitufe, IDE (programu ya kuandikia kodi) inakutengenezea klasi kutoka kwenye WSDL, unaandika malipo.lipa(kiasi) kama vile unajumlisha namba. Mstari huo unapita bahari, swichi, vikuta-moto na seva tano lakini kwa macho unaonekana kama mstari mwingine wowote.

Ndipo ikabidi kila ujumbe upewe kitambulisho. WS-Addressing, kanuni ya anwani za ujumbe iliyopitishwa na W3C (chombo cha viwango vya wavuti) mwaka 2006, ina MessageID kwenye ujumbe unaokwenda, na RelatesTo kwenye jibu linalorudi, ili hata jibu likichelewa au likija kwa njia nyingine ujue ni la swali gani. Fundi, rikwesti yenu inabeba kitambulisho chochote mlichokitengeneza nyinyi?

Fundi Tiketi

Hapana mzee. Tunatuma namba ya simu, kiasi na token yetu (alama ya kututambulisha). Namba ya muamala wanatupa wao kwenye jibu.

Mzee wa SOAP

Basi jibu lisipofika hamna hata cha kuulizia. Mtaenda kuuliza "ile ya mama wa 0-saba-nini ilikuwaje" na yeye ana miamala miwili ya kiasi kilekile usiku uleule.

Mama Seva

Hapo mzee kamaliza. Fundi dawa yako inaanzia hapo.

KABLA hujatuma kitu, tengeneza kumbukumbu yako mwenyewe, UUID (kitambulisho kirefu kisichojirudia) inatosha, iandike kwenye databesi pamoja na siti, kiasi na hali INATUMWA, komiti (thibitisha uandishi), halafu ndo utume. Wengi wanatuma kwanza wanaandika baadae, umeme ukikatika hapo katikati hujui hata kama uliwahi kutuma. Kwenye safu ya kumbukumbu weka UNIQUE ili databesi yenyewe ikatae mbili.

Ukirudia, rudia na kumbukumbu ILEILE. Upande wa pili wakiiona tena hawafanyi kazi upya, wanakurudishia jibu la mara ya kwanza. Stripe (kampuni ya malipo ya mtandaoni) wanapokea hii kwenye heda (maelezo yanayotangulia rikwesti) ya Idempotency-Key na wanaitunza walau saa 24. Kama ile ya kwanza bado inaendelea, unajibiwa 409, unasubiri unauliza tena. Na ukileta kumbukumbu ileile yenye kiasi tofauti inatakiwa ukataliwe, maana hapo umechanganya madesa.

Kosa ninaloliona kila mara, hata kwa watu wazoefu: UUID inatengenezwa ndani ya lupu ya kurudia. Kila jaribio linapata kitambulisho kipya, kwa hiyo ulinzi wote haupo na mtu anaapa kwamba anao. Kumbukumbu ni ya NIA ya abiria, yaani safari hii siti hizi, sio ya kubonyeza kitufe. Mama akibonyeza mara 5 kwa siti zilezile bado nia ni moja.

Bekendi Boy

Hii ya lupu... ngoja nikaangalie kitu kazini narudi.

Nairobi Dev

Niaje wakuu wa Bongo. Huku kwetu hii maneno tumeizoea na Daraja, API ya M-Pesa, wacha niwaeleze vile wameipanga juu inasaidia kuelewa. Ukituma STK push (ombi la malipo linalotokea kwa simu ya mteja) hawakuweki ukingoje mteja atafute simu aweke PIN. Wanakujibu hapo hapo ResponseCode 0 na CheckoutRequestID. Hiyo 0 haimaanishi umelipwa!! Inamaanisha tu wamekubali kushughulikia. Majibu ya ukweli yanakuja baadaye kwa CallBackURL yako (anwani yako ya kupokea majibu), ResultCode ikiwa 0 ndio pesa imeingia, 1032 mtu amekataa mwenyewe. Nimeona devs wapya wakipeana bidhaa kwa ile 0 ya kwanza, na hiyo ni pesa ya mtu inapotea.

Kwa HTTP hata kuna kodi yake, 202, nimepokea lakini sijamaliza.

Vitu mbili za kuangalia. Kolbaki, yaani hayo majibu ya baadaye, inaweza kosa kufika, seva yako ilikuwa chini ama cheti cha TLS (cha usalama wa tovuti) kimeisha, so usiingoje milele, kuna endipointi (anwani ya API) ya kuuliza hali, uliza ukitumia ile CheckoutRequestID. Ya pili watu husahau: kolbaki inaweza fika mapema kabla hujamaliza kusevu jibu la kwanza. Ikikosa rekodi ukajibu 404 (haipo) ukaitupa, ushapoteza. Isevu vile imekuja kwanza, uiunganishe baadaye.

Kapuku wa Kodi

Kwa hiyo sinkronasi ni mbaya tuachane nayo?

Mama Seva

Hapana jamani. Kuangalia siti zilizobaki, kuuliza nauli, kuthibitisha token, hizo ni sinkronasi na zibaki hivyo, ni za haraka na ukizirudia mara 10 hakuna anayeumia. Hata kontroli namba za serikali kupitia GePG (mfumo wa malipo ya serikali) ukizichungulia utaona mchanganyiko huohuo: unatuma bili, unapata hapohapo uthibitisho kwamba imepokelewa, namba yenyewe inakuja kwa ujumbe mwingine kwenye anwani yako. Kazi yoyote inayomsubiri binadamu aweke PIN isikae kwenye rikwesti moja, binadamu hana taimauti.

Mkataba wa HTTP wenyewe unasema hili (RFC 9110 ya 2022). Rikwesti za aina ya GET (kusoma), PUT (kuweka) na DELETE (kufuta) ukizirudia matokeo yanatakiwa kuwa yaleyale. POST (kutuma kazi ifanyike, kama malipo) haina ahadi hiyo, na klaienti isiirudie yenyewe kimyakimya kama haina uhakika.

Mzee wa SOAP

"Isiirudie kimyakimya". Hapo sasa nina ushuhuda.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunapata miamala miwiliwili, mara chache sana, labda 2 kwa mwezi. Programu yetu haikuwa na lupu yoyote ya kurudia, tuliikagua mstari kwa mstari, timu nzima, tukaanza hadi kuwashuku wateja, jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Kumbe ni HttpURLConnection ya Java yenyewe! Laini ikikatika kabla ya jibu, yenyewe inaituma POST tena mara moja bila kukuambia. Kuna kiswichi kinaitwa sun.net.http.retryPost na huwa kiko true mpaka wewe ukizime. Wiki tatu tulikuwa tunatafuta kwenye programu yetu kitu ambacho hakikuwepo kwenye programu yetu.

Na nginx za zamani nazo, ukiwa na seva mbili nyuma, ya kwanza ikikosea POST ilikuwa inaweza kupelekwa kwa ya pili. Kuanzia 1.9.13 wameacha, mpaka uandike non_idempotent mwenyewe. Kwa hiyo Fundi, hata mkiondoa kitufe cha "jaribu tena" bado kuna mikono mingine hapo katikati inaweza kurudia. Ulinzi wa kweli ni kumbukumbu.

Bekendi Boy

Nimerudi. UUID yetu iko ndani ya lupu. Mwaka wa pili nasema sijasikia kelele, kumbe sikuwa nasikiliza mahali pake. Nimekaa na mhasibu leo mchana tumekuta wateja 9 wa kurudishiwa. Mama Seva asante sana, na Fundi nisamehe kwa ushauri wa pale juu.

Mama Seva

Hongera kwa kwenda kuangalia, wengi hawaendi.

Jambo la mwisho upande wangu ni namna ya kurudia. Msirudie papohapo kama mnapiga mlango wa mdeni. Subiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na ongeza kidogo cha kubahatisha ili seva zenu zote zisirudi kwa pamoja. Ukijibiwa 429 (umezidisha maombi) au 503 (seva haipatikani) na kuna heda ya Retry-After inayosema usubiri kiasi gani, iheshimu. 400 usirudie kabisa, rikwesti yako ndo mbovu. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mtandao wa ukanda wetu ulikuwa taabani, na siku kama zile ndo unaona nani anarudia kistaarabu. Mtandao ukirudi kidogo, rikwesti zote zilizokwama zinarudi kwa pamoja zinaumaliza tena.

Fundi Tiketi

Wakuu nimerudi, siku 6 zimepita. Mrejesho.

IMEFELI tumeigawa. Sasa hivi kuna IMEKATALIWA, ambayo tunaiandika tu kama wale wa malipo wametamka wenyewe kwamba haijapita, na kuna HAIJULIKANI. Ikiwa haijulikani siti hatuiachii, inashikiliwa dakika 15, na kuna kajobu kanauliza hali kila baada ya muda kwa kumbukumbu yetu. Kumbe wale jamaa wana uwanja wa kumbukumbu ya mteja na endipointi ya kuuliza hali, vyote vipo kwenye nyaraka zao ukurasa wa 14, sisi hatukuwahi kufika huko. Wanakataa kumbukumbu ikijirudia. Taimauti tumeishusha, haikupanda, ni sekunde 10, na abiria skrini inamwambia "tunathibitisha malipo yako, usilipe tena, tutakutumia SMS". Ujumbe huo kijana wangu ndo kauandika na nadhani ndo mstari wenye faida kuliko yote tuliyoandika wiki hii.

Tumejaribu na seva ya uongo inayolala sekunde 35 kabla ya kujibu, halafu nyingine inayofanya kazi kisha inakata laini bila kujibu. Tumebonyeza lipa mara 5 mfululizo. Muamala mmoja, tiketi moja, mara zote.

Yule mama hela yake ilirudi Jumanne. Nimempigia, alikuwa ameshafika Mwanza, kasema kwenye basi abiria wa siti ya jirani ndo aliwanunulia watoto chakula pale Singida.

Nairobi Dev

Hiyo job yako ya kuuliza hali, ikifika dakika 15 na bado haijulikani unafanya nini?

Fundi Tiketi

Inaenda kwa mtu. Kuna orodha mhasibu anaiona asubuhi na usiku mimi napata SMS. Mpaka sasa zimefika 2, zote mbili hela ilikuwa imekatwa.